Ubavu wa Kuume

Mbele barabara, nyuma shimo, kuume ghorofa, kushoto ghorofa. Ndivyo nyumba yangu inavyokaa siku hizi. Zamani mtaa wetu wote hapa Kariakoo ulikuwa wa nyumba za chini kama hii, vyumba sita na ukumbi katikati, uani jiko na choo. Wenye nyumba wote nawakumbuka kwa majina, yao na ya baba zao, na nani alilia siku ya kuuza na nani alicheka. Humu sitaandika jina la mtu. Mjukuu wangu ndiye aliyesema, "Bibi, andika ukitaka, ila majina yaache." Nimeyaacha. Hata lile moja.

Shimo ni la msingi wa ghorofa. Walivunja nyumba ya nyuma yetu, wakachimba chini sana, wakazungushia mabati, halafu kazi ikasimama. Wanasema ni mirathi, ndugu hawapatani. Masika ikaingia, shimo likajaa maji, vyura wakaja. Usiniulize walitoka wapi. Kariakoo hakuna majani hata ya kumlisha mbuzi, kuna lami na zege na watu, lakini vyura walipata habari za shimo lile kabla yetu sisi tunaolala karibu nalo. Wakawa wanaimba mpaka unasahau spika za wauza nguo barabarani.

Mjukuu wangu anafundisha baiolojia sekondari. Mama yake, binti yangu, alifariki mapema, nikamlea mimi, akasoma, akaolewa. Alipopata mimba ya kwanza akarudi kukaa kwangu, maana mumewe anashughulika na kutoa mizigo bandarini, akiondoka asubuhi hujui saa ya kurudi, na mwenye mimba ya kwanza haachwi peke yake.

Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Asubuhi moja baada ya mvua nikamkuta ameinama kwenye upenyo wa mabati, mkono wote umeingia shimoni na kopo.

"We mtoto, utatumbukia!"

"Nachukua mayai, bibi."

"Mayai ya nini?"

"Ya chura. Ya darasani."

"Nilisikia kliniki wamekwambia ule mayai, sikujua ni hayo."

Akacheka, akaja uani, akayamimina kwenye beseni jeupe ninalorowekea mchele. Nikanung'unika kuhusu beseni langu, lakini nikavuta kigoda. Yalikuwa kama punje za mtama zilizoganda kwenye ute, nyingi, kila moja na nusu nyeusi na nusu nyeupe. Nyeusi juu, nyeupe chini, yote, hakuna lililokosea. Akachukua kijiti cha kibiriti, akaligeuza moja, jeupe likaja juu. Tukasubiri. Likajigeuza lenyewe taratibu, jeusi likarudi juu.

"Juu na chini linajua tangu tumboni mwa mama yake," akasema. "Mgongo na tumbo halijui. Hilo linasubiri baba."

Akanieleza, na mimi naandika kama nilivyoelewa. Mbegu ya dume inaingia popote kwenye ule weusi. Pale ilipoingia, upande ule ndio utakuja kuwa wa tumbo. Upande wa pili, ulio mbali nayo, ndio mgongo.

"Yaani mtoto anampa baba yake mgongo tangu siku ya kwanza," nikasema.

"Tangu saa ya kwanza, bibi."

"Basi wanadamu tumeiga kwao."

Akasema kinachofanya hivyo ni ngozi ya yai. Mbegu ikishaingia, ngozi ya nje inateleza kidogo juu ya kiini. Akashika kanga yangu kiunoni, nimekaa vilevile, akaizungusha kidogo, pindo lililokuwa kwenye nyonga likaja mbele. "Hivi. Wewe hujasogea, kanga ndiyo imesogea." Na pale ilipojifunua, ng'ambo ya mbegu ilipoingia, kunatokea alama ya kijivu iliyojikunja kama mwezi mwandamo. Hapo ndipo mgongo utakapoanzia, na kichwa. Akaniambia niangalie. Macho yangu haya hayakuona mwezi wowote. Nikasema nimeuona, kama watu wanavyosema kila Ramadhani.

"Na ngozi isipoteleza?"

"Ukiizuia isiteleze, yai linaendelea kuishi, linagawanyika vizuri tu, lakini halipati mgongo wala kichwa. Linakuwa tumbo tupu. Wenyewe wataalamu wanaliita hivyo, kipande cha tumbo."

"Wapo hao mjini," nikasema. "Wanavaa suti."

Tulicheka mpaka yeye akashika kingo za beseni. Siku ile ndiyo ya mwisho ninayoikumbuka tukicheka bila kitu nyuma yake.

Nilimuuliza jambo moja zaidi, bila sababu. Kichwa kipo, mgongo upo, tumbo lipo. Kulia na kushoto vinatoka wapi? Maana ukilitazama luwiluwi, huku na huku ni sawasawa.

"Kulia na kushoto ndiyo ya mwisho, bibi, na ndiyo ngumu." Akasema ndani ya kile kitoto kuna mahali padogo penye vinywele, na vinywele vinapunga pamoja, vinasukuma maji kwenda upande mmoja. Kule maji yanakokwenda ndiko kushoto. Basi moyo unajua pa kuelemea, ini linajua pa kukaa. "Kwetu na sisi ni hivyohivyo. Vinywele na maji kidogo."

"Na vikikataa kupunga?"

"Kila kiungo kinajiamulia."

Akainuka kuosha mikono. Mtoto wake wakati ule alishapita hapo zamani, alishaamuliwa. Sisi tulikuwa tunatazama beseni.

Mkwewe, mama wa mumewe, anakaa Kigamboni. Mwanamke mzuri, mwenye sauti. Siku hiyohiyo alivuka na pantoni kuja kumtazama mwali wake, akaingia uani, akaona beseni, akarudi nyuma kama aliyekanyaga moto.

"Mama," akaniambia mimi, "unamwachia mjamzito achezee vyura?"

"Hachezi, anafundisha."

"Anawafundisha nini vyura?"

"Mama, ni ya wanafunzi," mjukuu wangu akasema kwa adabu.

"Mimba inaiga, mwanangu. Kwetu ukicheka kilema unajifungua kilema. Ukitazama sana kitu kisicho na shingo..." Akashika tumbo la mwali wake kwa viganja viwili, akasoma dua. Viluwiluwi vilipotoka, mjukuu wangu alivipeleka shuleni ndani ya ndoo yenye mfuniko, mkwewe asivione tena. Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba sikupita karibu na kinyonga.

Siku ya kupiga picha ya tumbo nilimsindikiza. Chumba baridi, daktari kijana wa kike, anasogeza kile kifaa juu ya tumbo na kutazama kioo. Alikuwa anaongea, kichwa hiki, uti wa mgongo huu hapa, mzuri, kisha akanyamaza. Akasogeza. Akarudi palepale. Akamwita mwenzake, wakaongea kwa sauti ya chini, kisha akamgeukia mjukuu wangu.

"Mwalimu, moyo wa mtoto uko kulia."

 Nilimwona mjukuu wangu akifumba macho, nami nikadhani amechoka kulala chali.

Tulirudi kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, akasema tupumzike. Tukakaa kwenye ukingo wa ukuta, watu wanapita na mizigo yao kwenda na kutoka Kariakoo. Mkwewe akapiga simu. Alikuwa Magogoni anasubiri pantoni, kelele nyingi, na mjukuu wangu akanipa mimi simu.

"Wamesema nini?" anapiga kelele.

"Moyo uko kulia!"

"Nani analia?"

"Halii mtu! Moyo! Uko kulia!"

"Moyo unalia? Moyo wa mtoto unalia? Ya Rabi toba!"

"Upande! Upande wa kuume!"

Honi ya pantoni ikapiga, simu ikakatika. Watu waliokuwa wanapita wamegeuka kututazama. Nikamtazama mjukuu wangu nikidhani atacheka, maana jambo lenyewe lilikuwa la kucheka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Nyumbani nilimkuta shoga yangu ananisubiri. Ni mama wa Kihindu, mjane kama mimi, ana duka la vifungo na nyuzi kwenye ghorofa la kuume kwetu, na amezaliwa mtaa huuhuu mwaka mmoja na mimi. Tumetaniana tangu tukiwa na meno. Nikampa habari.

"Kulia kwa nani?" akauliza.

"Vipi kwa nani?"

"Simama." Tukasimama uani tumekabiliana, wanawake wawili wazee. "Weka mkono kwenye moyo wako." Nikaweka. Na yeye akaweka wake. "Sasa mimi nikikutazama, moyo wako uko upande gani? Uko huku, kwenye mkono wangu wa kulia! Daktari alikuwa anatazama picha. Picha imekabiliana naye. Kulia kwake ni kushoto kwa mtoto. Umeogopa bure, mwenzangu, kama kawaida yako."

Nikageuka, nikajaribu tena, nikampa mgongo, nikamkabili. Alisema kweli! Niliona moyo wangu mwenyewe unarudi mahali pake. Kwa siku kadhaa niliishi kwenye kulia kule kwa daktari. Niliwaeleza wapangaji, nikamweleza mkwe kwa simu, kila mmoja nikamsimamisha tukabiliane. Mume wa mjukuu wangu, kijana mpole wa maneno machache, alinisikiliza akiwa amebeba begi lake la kazini, akajishika kifua, akasema, "Inawezekana, bibi." Akatabasamu. Mjukuu wangu alituacha. Hakutusahihisha, na mimi nilipaswa kujua hapo, maana ni mwalimu, hajawahi kuacha kosa lipite.

Alikuja kusema mwenyewe, tunachambua mchicha. "Bibi, daktari anajua kulia ya mtoto. Ndiyo kazi yake."

"Shoga amesema..."

"Najua alichosema. Uko kulia kweli."

Shoga alipoambiwa hakukasirika. Alisema marehemu mumewe alikuwa na mjomba, mfanyabiashara wa nguo, mtu mnene, mcheshi, na moyo wake ulikuwa kulia. Hakujua mpaka amezeeka, siku alipopimwa kwa jambo jingine. Ini kushoto, kila kitu upande wa pili, kama mtu aliyetoka kwenye kioo. Aliishi mpaka akaozesha wajukuu zake. Jina la mjomba yule pia ninalo.

Nikamkimbilia mjukuu wangu na habari hiyo. Nikaona kwa mara ya kwanza uso wake umefunguka.

"Ni kweli, bibi. Kama vyote vimegeuka, ni sawa. Vimegeuka pamoja, mabomba yanakutana. Shida ni vikigeuka vingine na vingine vikabaki."

"Watajua lini?"

"Mpaka azaliwe wampime vizuri. Wanaona moyo haujakaa vizuri, lakini vingine hawana hakika."

Basi nikaanza dua ambayo sijawahi kusikia mtu akiiomba. Watu wote wanamwomba Mungu mtoto aliyenyooka. Mimi kila baada ya swala niliomba vyote viende kombo. Ini kushoto, Mola wangu. Wengu kulia. Usibakize hata kimoja mahali pake. Mkwe alipokuja nilimfundisha na yeye, akanitazama kama mtu anayefundishwa kukufuru, kisha akainua mikono, "Amin, vyote, vyote."

Akazaliwa mwanaume. Mzima wa kutazama, vidole vyote, nywele nyingi, sura ya babu yake, marehemu mume wangu, mpaka kile kidevu. Kwetu kitukuu wa kiume ni mume wa bibi, ndio utani, nikamchukua nikasema, "Mume wangu umechelewa, nimezeeka nakusubiri." Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nikasema ni baridi.

Walimpima. Walimpeleka huku na huku, picha na picha nyingine, na siku ya majibu tuliingia wote, mimi, mkwe, baba na mama. Daktari alikuwa mtu wa makamo, alichora kwenye karatasi, lakini sikuhitaji mchoro. Nilisubiri neno moja tu, "vyote." Alisema moyo uko kulia. Alisema ini limekaa katikati, limeenea huku na huku. Wengu haukuonekana kabisa. Mishipa inayotoka kwenye mapafu imeingia mahali pasipo pake, na vyumba vya moyo havijagawanyika. Wangejaribu kumpasua akipata uzito, lakini hakutaka kutudanganya.

Baba wa mtoto akauliza, "Kwa nini?"

Daktari akasema mambo mengine hutokea tu mwanzoni kabisa, hakuna aliyekosea. Mjukuu wangu akawa anatikisa kichwa polepole, anakubali, kama anasikiliza mwanafunzi anayejibu sawa. Mimi nilikuwa naona lile beseni. Kila kiungo kimejiamulia.

Nje, kwenye benchi, mkwe hakuweza kujizuia. "Nilisema mimi. Vyura. Nilisema."

 Nilijibu mimi, na sikujibu vizuri. Nikamwambia kama ni kutazama vyura, basi watoto wote wa Kigamboni wangezaliwa pweza. Akaanza kulia, na mimi nikaanza, na kijana wetu amesimama kati yetu na begi la nepi hajui amshike nani.

Tukamleta nyumbani. Jina akapewa, la babu yake, mbuzi wakachinjwa, watu wakala. Alinyonya kidogo akachoka. Akinyonya jasho linamtoka usoni kama mtu mzima anayepanda ngazi na gunia. Kila wiki tulimpeleka kwenye mizani, na mizani haikutusaidia. Mjukuu wangu alizoea kumlaza kifuani pake na kiganja chake juu ya ule upande wa kulia, hata akiongea na wewe, hata akila kwa mkono mmoja. Aliacha kuzungumza mambo ya masomo. Wanafunzi wake walikuja kumsalimia, "Shikamoo bibi," mlango mzima umejaa sketi, mmoja akasema viluwiluwi vimeshakuwa vyura. Akasema, "Vizuri," akaangalia pembeni.

Mkwe alihamia kwangu. Hakutaja vyura tena. Alipika uji, alifua, alimbeba. Mchana mmoja mjukuu wangu ameoga, mimi nakoka jiko, nikasikia kilio chumbani. Si kilio cha mtoto, ni kile cha msiba, ambacho ukikisikia Kariakoo hata muuza maji anasimama. Nikaingia mbio, wapangaji nyuma yangu. Mkwe amemshika mtoto, sikio lake kwenye kifua, anapiga kelele, "Umesimama! Umesimama! Mume wangu kaondoka!"

Sikio lake lilikuwa kushoto. Kwa haraka zake alikwenda kusikiliza pale ambapo wanawake wote duniani wanasikiliza. Nikamshika kichwa, nikamsogeza upande wa pili, naye akatulia. Nikaona macho yake yanafunguka. Ulikuwa unapiga, mbio, kama kinda la kuku lililofunikwa na kapu.

"Upo," akasema. "Upo. Upo huku."

Mjukuu wangu amesimama mlangoni na kanga imelowa, sabuni shingoni. Alimchukua mtoto. Kisha mkwe akaanza kucheka, na wapangaji wakacheka, wengine wameshajifunga kanga za msibani. Shoga yangu alikuwa ameacha duka wazi, ameingia na futi ya kupimia vitambaa shingoni. "Nyie Waswahili mnalilia upande usio na mtu," akasema. Tulimcheka yule mkwe mpaka jioni. Alikuwa anajiigiza mwenyewe.

Kwa hiyo siku yenyewe ilipofika hatukulia. Ilikuwa asubuhi, vuli inanyesha, shimo limeanza kujaa tena na vyura wameamka. Mjukuu wangu alinipa mtoto ili ajifunge kanga. Nikamwona amelegea. Nikaweka kiganja kulia, tumeshafundishwa, sote tunajua pa kuweka. Kimya. Nikabonyeza kidogo. Kimya. Mkwe akaja, akaweka sikio lake, kulia, muda mrefu, akainua uso akanitazama.

Nikahamisha kiganja changu kushoto.

Nilikuwa najua hakuna kitu huko. Nilijua, na nilikiweka, na nikasubiri. Nikahamia katikati. Nikashuka tumboni. Mkwe naye akafanya hivyohivyo, masikio na viganja vyetu vinapishana juu ya kifua kisichozidi kiganja kimoja, tunautafuta, na hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu tulishalia siku ile na tukaonekana wajinga. Mjukuu wangu alituacha tutafute. Kisha akasema, "Basi, bibi. Mpe mama," nami sikuelewa mama ni yeye au ni mkwe wake, nikabaki nimemshika.

Wanaume walimzika mchana. Sisi wanawake tulibaki uani, mvua imekatika, vyura wanaimba nyuma ya mabati na hakuna wa kuwanyamazisha. Mkwe alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Hata leo?" Shoga yangu alikaa mkekani na sisi na sari yake nyeupe, hakutania.

Mwanangu wa kiume, mjomba wa mjukuu wangu, ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Aliporudi ana udongo magotini, mjukuu wangu akamwita.

"Mjomba. Mmemlaza vipi?"

"Vizuri, mama. Kisheria."

"Ubavu gani?"

Mwanangu akanitazama mimi, akadhani huzuni imempanda kichwani. "Ubavu wa kuume, uso kibla. Kama watu wote."

"Wa kulia."

"Wa kulia, ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, kama siku ile kwa daktari. "Basi ameulalia," akasema.

Mwanangu hakuelewa, na mimi sikumweleza. Angefanya nini? Hakuna kumlaza vinginevyo. Ardhi inajua upande mmoja tu.

Mjukuu wangu amerudi shuleni. Anafundisha mimea, anafundisha damu na mifupa, na ikifika mada ile anamwomba mwenzake amshikie kipindi. Amerudi kwa mumewe, wanakaa, wanaongea kwa upole kama wageni. Kuhusu mtoto mwingine sijauliza. Lile shimo limepata mwenyewe, ndugu wamepatana. Walileta pampu wakanyonya maji siku nzima kuyamwaga barabarani, maji ya kijani, na ndani yake vitu vyeusi vidogo vinavyorukaruka kwenye lami, watu wanavikanyaga wakipita na mizigo. Siku hizi wanamwaga zege. Mwakani na nyuma kutakuwa ghorofa.

Beseni sijalirowekea mchele tena. Nimeligeuza, liko juu ya paa la jiko.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alinifundisha kulala kwa ubavu wa kuume. Ni sunna, alisema, na pia ukilala hivyo moyo unabaki juu, hauelemewi. Nimelala hivyo maisha yangu yote. Sasa nikijilaza nausikia wangu huku juu, kushoto, unapiga tu, mzee, hauna kazi, na nakumbuka wa mume wangu yule mdogo, ulioko chini, upande wa udongo. Nageuka. Upande wa pili nao haunipokei. Basi nalala chali, natazama dari, kama yai lisilojua mgongo wake utakuwa wapi.